Kibwebwe Kisichofunguliwa

Bi Tatu amekufa, na watu wa Visiga wamemlilia mpaka sauti zimekauka. Mimi nilikwenda kwa sababu nisingekwenda wangesema. Nilikaa chumba cha nyuma, kile wanachoweka magunia ya mchele na masufuria ya shughuli, nikawa nawasikiliza wanawake wanavyomsifu. Alikuwa mama wa watu wote, huyu anasema. Hakuna mwali wa ukoo huu aliyetolewa ndani bila mkono wake, anadakia mwingine. Alijua kusitiri, anamaliza wa tatu, na wote wakaitikia kwamba ndiyo, alijua kusitiri. Hapo nikainamisha uso kwenye sinia la vitunguu, watu wakadhani nalia. Msichana mmoja wa pale, mjukuu wa marehemu, akanijia na kanga mkononi akaniambia, "Bibi, hii hapa, jifunge kibwebwe utusaidie kuosha mchele." Nikamwambia mimi sijifungi. Akacheka, alifikiri namtania. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango akamnong'oneza mwenzake, mnong'ono ule unaokusudiwa usikike: "Huyo ndivyo alivyo. Misiba yote anakaa kama mgeni rasmi." Nikaendelea na vitunguu. Nimeyazoea. Mwanamke asiyejifunga kibwebwe kwenye shughuli za watu anaonekana mvivu au ana maringo, na mimi nimeitwa vyote viwili tangu ningali msichana.

Mimi shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo atakayetafuta maneno mazuri humu hatayapata. Ninachoandika ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na minane, na watu wa mwaka huo nitawataja kwa majina kwa sababu wao wenyewe hawakuwahi kujitaja. Habari za nilikozaliwa hazina maana hapa. Naanzia pale nilipoingia nyumba ya kule Msimbu kama mke wa Athumani, nyumba ya miti na udongo yenye bati juu, ukumbi katikati na vyumba viwili huku na viwili kule. Chumba chetu kilipakana na cha mama mkwe, na ukuta baina yetu ulikuwa umepasuka mahali udongo ulipodondoka, ukipitisha mwanga kidogo na maneno yote. Nikikohoa huku, kule wananiambia pole. Jiko lilikuwa nje, banda la makuti, na humo ndimo mimi na mama mkwe tulimoishi hasa, tukila mihogo ya nazi na samaki wa ng'onda kwenye bakuli moja, moshi ukitutoa machozi, yeye akisimulia na mimi nikicheka.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa. Sikumbuki nilimwona lini bila kibwebwe. Akiamka tu anachukua kanga, anaikunja kwa urefu, anaizungusha kiunoni na kukaza fundo ubavuni, halafu ndipo siku inaanza. Alikuwa somo, maana yake wasichana wakivunja ungo huwekwa ndani na yeye huitwa kuwafunda, na siku ya kuwatoa yeye ndiye huongoza ngoma. Alikuwa na heshima yake kwa kazi hiyo, Msimbu mpaka Kibuta mpaka kwa ndugu wa Kibaha. Na alikuwa na mdomo. Wanawake wa rika lake walipokusanyika kusuka mikeka alipenda kuwachekesha: "Mwanao akishaoa, wewe kitanda chako ni cha kulalia usingizi tu. Mwachieni mkaza mwana kelele." Walikufa kwa kicheko, na mimi niliyekuwa mkaza mwana mwenyewe nikakimbilia jikoni kwa aibu. Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kumkaba baadaye. Hayakuwa maneno mabaya. Ila aliyasema mbele za watu wengi mno.

Mimba yangu ilipoanza nilishikwa na hamu ya udongo, ule mweupe wa kula unaouzwa sokoni, na nikauficha kwenye kopo la maziwa juu ya kichanja cha jikoni. Ukawa unapungua. Nikasema panya. Lakini panya gani huyu anafungua kopo na kulifunga tena? Alasiri moja nilirudi mapema kutoka kuchota maji, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kopo mapajani, midomo ina vumbi jeupe.

"Shikamoo mama," nilisema, maana sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba." Akafumbata kile kipande mkononi. "Nilikuwa nakutazamia kama haujaoza."

"Udongo hauozi, mama."

Akanitazama, nikamtazama, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko kile nikaona anajifuta macho. "Nilidhani nimekoma," akasema. "Nilikaa miezi sikuona kitu, nikasema alhamdulillahi, nimepumzika, sasa mimi bibi kamili. Kumbe sikukoma. Kumbe nimebeba. Kitindamimba wangu anavaa kaptura ya shule, mwanangu mkubwa ana mke, mke ana mimba, na mimi nimo. Mwanangu, sura yangu nitaiweka wapi?"

Alikuwa ameshapita arobaini, mwenyewe hakujua amepita kwa ngapi. Leo mimi nimempita umri, na nikimkumbuka pale kwenye mbuzi namwona kama mdogo wangu. Siku ile lakini nilimwona mzee sana, na niseme kweli, nilishangaa kwamba jambo kama hilo linamtokea mtu wa umri ule. Nikampa kopo. Tangu hapo tukawa tunakula udongo pamoja, mlango wa banda tumeuegesha, kama wezi wawili. Ndiyo miezi mizuri niliyowahi kuishi kwenye nyumba ile, na sijui niseme hivyo kwa furaha au kwa hasira. Alinifundisha kulalia ubavu wa kushoto. Alinikanda miguu. Mimi nilimsihi twende wote kliniki, zahanati haikuwa mbali, mimi nilikuwa nakwenda na kurudi kwa miguu. Akakataa katakata. "Nikakae benchi moja na mke wa mwanangu? Waniulize, bibi, umemsindikiza mjukuu? Halafu nijibu nini, kwamba nimejisindikiza mwenyewe?" Akazidi kukaza kibwebwe. Alikuwa mrefu, mwenye mwili, na kweli ukimwangalia hivi hivi hukuona kitu.

Aliyeona ni Bi Tatu. Huyu alikuwa dada wa baba mkwe, ameolewa Visiga, nyumba ya kando ya barabara ya Morogoro, na alikuja Msimbu kila alipojisikia kuja kukagua. Alikuja mchana mmoja wa mvua, akala, akamtazama wifi yake anavyoinuka kutoka kwenye jamvi kwa kushika ukuta, akasema, "Wifi, njoo ndani mara moja." Mimi nilikuwa chumbani nimejinyoosha. Ukuta ukaniletea kila neno.

"Geuka," Bi Tatu alisema.

"Nimegeuka."

"Fungua hicho kibwebwe."

Nilisikia kanga inavyovutwa. Halafu Bi Tatu akasema kwa sauti ya chini, "Mtu mzima hovyo! Kaka yangu anajua?"

"Asijue vipi, na yeye ndiye aliyeileta?"

Nilijiziba mdomo kwa kanga nisicheke. Bi Tatu hakucheka. "Endelea kufanya mzaha. Utanyonyesha huku, mkaza mwana ananyonyesha kule. Mtoto wa mwanao amwite wako baba mdogo, na wote wanatambaa! Na wewe ni somo. Baada ya hapo nani atakuletea mwali wake umfunde? Utamfunda nini?" Ndipo Bi Tatu akapanga mambo, kama alivyopanga ya kila mtu. Mwezi unaofuata kulikuwa na mwali wa kutolewa pale kwake Visiga. Mama mkwe ataitwa kama somo, hilo halitamshangaza mtu. Shughuli ikiisha atabaki kwa Bi Tatu, watasema mguu unamuuma, atazalia huko huko chumbani, na mtoto watasema ni yatima wa upande wa shemeji. "Na huyu mtoto mwenye mimba aje naye," akasema, ananisema mimi. "Watu wakiwa na tumbo la kutazama hawatafuti la pili. Mpaka hapo, jifunge. Jifunge kweli, si kwa kuremba."

Basi ndivyo nilivyosafiri na mimba kubwa. Nilipelekwa kama pazia. Usafiri ulikuwa pikapu ya Shomari, kijana wa Kisarawe aliyekuwa akibeba mihogo na watu pamoja, magunia chini, watu juu ya magunia. Shomari alikuwa amekunywa mnazi tangu asubuhi. Si mimi niliyesema, harufu ndiyo iliyosema. Bi Tatu alikuja kumchukua wifi yake na akakaa mbele, kwenye kiti. Sisi wanawake wengine tulipanda nyuma, Athumani akapanda nasi kutushikia magunia, baba mkwe akabaki nyumbani. Kabla gari halijaondoka mama mkwe aligonga bati la mbele.

"Shomari! Nenda polepole baba, kuna mjamzito huku."

Shomari akatoa kichwa dirishani. "Mmoja tu, bi mkubwa? Hata watatu nabeba, na sijawahi kumwaga!"

Watu wakacheka. Mama mkwe akajibu, "Mmoja tu," akanitazama, akageukia pembeni.

Kwenye mteremko wa changarawe Shomari alimkwepa mtu wa baiskeli, nyuma ya gari ikateleza, ikateleza tena, halafu ikalala ubavu. Sina mengi ya kusema hapo. Magunia yalinilalia kuanzia kiunoni kwenda chini, na nilisikia mfupa ndani yangu unalia kama kuni kavu. Mama mkwe ukingo wa pikapu ulimpiga tumboni, kisha ukamtupa kwenye nyasi. Niliona kwa macho yangu. Alilala kidogo, akainuka, akajikung'uta vumbi, akafunga upya kanga ya kichwani, akaja kunivuta magunia. Hakuwa na mchubuko hata mmoja. Watu waliokuja kusaidia walisema, "Mshukuruni Mungu, bi mkubwa mzima kabisa." Wengine wakasema watu wa zamani mifupa yao migumu. Bi Tatu alikuwa amepasuka mdomo. Shomari alikimbia kupitia kwenye mikorosho, na nimesikia baadaye aliendesha magari miaka mingi tu sehemu nyingine.

Hospitali waliyotupeleka sitaitaja, maana nasikia siku hizi imebadilika, na waliokuwepo siku ile wote wameshahama au wamekufa. Lakini nesi aliyetupokea aliitwa Veronika, na jina hilo nalitaja. Nililazwa kwenye machela ukumbini, mama mkwe amekaa benchi pembeni yangu ananipepea kwa pindo la kanga. Nakumbuka lile benchi la rangi ya bluu, na ukuta nusu kijani nusu nyeupe, na Athumani amesimama miguuni pangu ameshika viatu vyangu, sijui kwa nini aliviokota. Nesi Veronika akauliza, "Mjamzito ni yupi?" Bi Tatu akaninyooshea kidole. Nilikuwa natapatapa kwa maumivu, lakini nilimtazama mama mkwe nikaona anavyopepea kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili alikuwa ameubana chini ya kibwebwe, na uso wake umekuwa na rangi ya majivu. Nikasema, "Na yeye." Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, "Nesi, na yeye pia. Mama naye ana mimba. Amepigwa tumboni."

Ukumbi wote ulinyamaza. Bi Tatu akanishika paji la uso kama anayemtuliza mtoto mwenye homa, akamwambia nesi, "Ameumia kichwa huyu. Anaweweseka."

Nesi Veronika alimwangalia mama mkwe kuanzia juu mpaka chini. "Mama, eti una mimba?"

Nataka anayesoma hapa aelewe vizuri. Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Palikuwa na kitanda kitupu nyuma ya pazia, nilikuwa nakiona. Palikuwa na daktari ndani. Neno moja tu lingetosha, "ndiyo", na mtu yeyote kati yao watatu angeweza kulisema. Mama mkwe akamtazama nesi, kisha akamtazama mwanawe aliyesimama na viatu mkononi. Athumani alikuwa ameinamisha macho sakafuni. Alikuwa amesikia. Mtu anayesikia vibaya huuliza "nini?", yeye hakuuliza.

"Mimi?" mama mkwe akasema, akajaribu kucheka. "Mimi bibi, mwanangu. Nani atanipa mimba mimi?"

Watu kwenye benchi wakacheka naye. Nesi akacheka pia. Akasema, "Haya bi mkubwa, wewe nenda kapumzike, unatujazia watu tu hapa." Alimuuliza mdomo, hakuuliza tumbo. Hakumgusa. Hakumwambia afungue kile kibwebwe, kwa sababu mtu mzima havuliwi nguo ukumbini, na kwa sababu aliyelalamika alikuwa msichana aliyeumia. Wakanisukuma kwenye machela. Nilipopita karibu yake mama mkwe alinishika vidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua. Akaniambia, "Nyamaza mwanangu. Tusitiriane."

Nilipozinduka mwanangu hakuwepo. Waliniambia alikuwa wa kiume. Nilikuwa nimefungwa bandeji kiunoni mpaka mapajani, nimelala chali, kitu pekee nilichoweza kugeuza ni shingo. Kwa hiyo mambo ya siku iliyofuata sikuyaona, niliyasikia, kama nilivyosikia kila kitu kwenye maisha yangu. Asubuhi walimleta mama mkwe kitanda cha pili yangu, pazia katikati. Alikuwa amelala kwa Bi Tatu tangu jioni, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na Bi Tatu alimpa maji ya moto yenye mdalasini akasema ni gesi ya mshtuko. Alipoanza kutoka damu puani ndipo walipotafuta gari. Nilisikia mkasi unavyokata kanga. Ndiyo, kile kibwebwe walikikata, fundo lilikuwa limelowa halifunguki. Halafu nikasikia daktari, kijana wa watu, kwa sauti ya mtu aliyechoka anauliza: "Huyu mama ana mimba ya miezi sita. Nani alijua?"

Nikasikia anaweka mkasi chini.

"Nauliza nani alijua. Mama wa umri huu akipigwa tumboni, hata kama ngozi haijachubuka, kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu inajaa ndani kwa ndani nyinyi mnamwona mzima. Hata kijana jambo hilo humpata, lakini umri huu ndio wa kumtazama kwa macho mawili. Ningemlaza jana. Ningemsikiliza mtoto. Walisema ameketi hapo hapo kwenye benchi! Kwa nini hamkusema?"

Na Bi Tatu akajibu, nakumbuka mpaka pumzi alizovuta, "Mtu mzima, daktari. Tungesemaje?"

Nilipiga kelele upande wangu wa pazia kwamba mimi nilisema. Nesi mwingine, mgeni kwangu, akaja akanishika mkono akaniambia nitulie mshono utafumuka. Nilimsikia mama mkwe anahema, kwa kishindo mwanzo, halafu kwa mbali, na kabla jua halijawa kali sikumsikia tena. Mtoto alitangulia, walisema. Walizikwa pamoja Msimbu na mimi sikuwepo. Wanawake waliomwosha waliona wote, lakini matangani ilitangazwa kwamba ni ajali tu, ameumia ndani, na mpaka leo kwenye ukoo huo ukimtaja mtoto yule watu watakuuliza mtoto gani.

Nilirudi Msimbu natembea kwa fimbo. Wageni walikuja kunipa pole, wakakaa kwenye jamvi lile lile, wakala mihogo waliyoipika wenyewe maana mimi nilishindwa, na wote, kama waliokubaliana, walisema neno moja: "Usilie, bado mdogo, utapata wengine." Bado mdogo. Nililisikia mpaka nikaliamini. Nikawa nahesabu kwamba mfupa ukiunga nitabeba tena, nitampa mtoto jina la mama mkwe akiwa wa kike. Nililirudisha kopo la udongo kwenye kichanja. Siku moja Bi Tatu akaja na mdomo wake ulioshonwa, akakaa na Athumani kwenye chumba kilichokuwa cha mama mkwe, na mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta uliopasuka.

"Umemwambia?" Bi Tatu aliuliza.

"Bado, shangazi."

"Usimwambie. Ataharibika akili. Kizazi wameshakitoa, kumwambia kutakirudisha? Wewe tafuta mwingine polepole. Huyu mweke, ni mtoto mzuri, anajua kazi."

Basi nikajua hivyo. Athumani alikubali wanikate na hakuniambia, daktari alimwambia yeye na si mimi, na watu wote waliokaa kwenye jamvi langu wakiniambia utapata wengine, nusu yao walikuwa wanajua. Mama mkwe alikuwa mtu mzima mno kuulizwa, na mimi nilikuwa mdogo mno kuambiwa. Nilimwendea Athumani jioni anafunga mbuzi. Nikamuuliza, "Siku ile ukumbini, ulinisikia?"

"Ukumbini wapi?"

"Niliposema mama naye ana mimba. Ulikuwa umeshika viatu vyangu."

Akakaza kamba ya mbuzi kwa muda mrefu. "Kulikuwa na kelele," akasema. "Sikusikia."

Hapakuwa na kelele. Palikuwa na kimya, mimi ndiye niliyekisababisha. Mwaka ule haujaisha Athumani akaoa, Bi Tatu ndiye aliyemfunda bi harusi, na mimi nikabaki kwenye nyumba ile ile kama bi mkubwa, nikiwalea watoto wa mwenzangu. Wengine wamekuwa watu wazuri. Siwalaumu. Niondoke niende wapi, na mfupa wangu wa nyonga mvua ikikaribia unajua kabla ya mawingu? Watu wakinisifu husema nina subira. Sina. Sikuwa na pengine pa kukaa, basi. Na kanga kiunoni sikuizungusha tena. Mwanzo kwa sababu ya maumivu, baadaye kwa sababu kila nikiikunja kwa urefu nasikia ule mkasi. Wanawake hunicheka kwamba huyu hajifungi. Kweli, sijifungi. Na kujifungua pia sikujaliwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani juzi kule Visiga. Kabla ya jeneza kutolewa waliwasha kipaza sauti upande wa wanaume, na aliyesimama kusema kwa niaba ya ukoo alikuwa Athumani, maana sasa yeye ndiye mkubwa wao. Sauti yake imezeeka. Akasema shangazi yetu alikuwa binadamu, alikaa na watu wengi, na kama yupo ambaye marehemu alimkosea kwa kujua au kwa kutojua, familia inamwomba amsamehe. "Mmemsamehe?" akauliza. Wanaume wakaitikia, wanawake uani wakaitikia, chumba chote cha nyuma kikaitikia, tumemsamehe. Mimi nilikuwa nimeshika kitunguu. Athumani akarudia mara ya pili kama ilivyo desturi, na akarudia ya tatu, na mara ile ya tatu nilisikia alinyamaza kidogo kabla ya kuuliza, kama mtu anayesubiri sauti fulani. Kipaza sauti kilikuwa kikubwa. Hapakuwa na kelele. Sikumpa.

Jeneza likatoka, vilio vikapanda, vikashuka. Wanawake wakarudi kwenye kazi, mchele ukamiminwa kwenye karai. Yule msichana akaja tena na kanga yake ile ile, safari hii uso wake haukuwa na mzaha, akachuchumaa mbele yangu akanitazama machoni. "Bibi," akasema, "kweli, kwa nini hujifungi?"

Nilifungua mdomo. Tangu mwaka ule hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa kutaka kujua. Nilikuwa nimeshapata pa kuanzia, nilikuwa naanzia kwenye kopo la udongo.

"Mwache," mwanamke wa mlangoni akamwambia, "mtu mzima huyo, unamhoji nini?"

Msichana akaona haya. Akasema, "Samahani bibi," akainuka, akaizungusha ile kanga kiunoni mwake mwenyewe, akakaza fundo ubavuni, akaenda kuosha mchele.